Margret Ochanda na Dakika ya Chumba Kitupu

Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, saa kumi kamili alasiri, Margret Ochanda atakuwa ameitumikia Studio ya Sauti Kilima, mjini Kisii, kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitano. Dakika moja baadaye atakuwa mstaafu. Mkurugenzi wetu, Bwana Omwenga, ndiye aliyenituma niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya hafla. Aliniambia ziwe kurasa mbili, niweke mafanikio, niweke kichekesho kimoja au viwili, "na yale mambo mengine wachana nayo, Kemuma, kutakuwa na pasta hapo."

Nimejaribu. Lakini kuandika habari za Mama Sheryl, kama tunavyomwita hapa, bila yale mambo ni kama kupika matoke bila ndizi. Na yale mambo yenyewe ni haya: kwa zaidi ya miaka ishirini na saba amekuwa akingoja mwisho wa wimbo mmoja, upigwe na mtu ambaye hayupo tena duniani, na wiki hizi za mwisho sisi wote tulikuwa na hofu kwamba atastaafu kabla haujafika. Pasta atanisamehe.

Mama Sheryl alizaliwa Homa Bay mwaka 1966, akasomea ufundi wa redio Kisumu, na mwaka 1993 akaja Kisii akimfuata mumewe, Fred Oyugi, mpiga gita wa bendi moja ya hapa mjini. Studio ilimwajiri tarehe 1 Septemba mwaka huo, alehemu nyaya na kufagia. Miezi mitatu baadaye fundi wa sauti aliyekuwepo alihamia Nakuru, na Margret, ambaye wakati huo hakuwa mama wa mtu yeyote, akapewa funguo. Watu walikuja kuchungulia mlangoni wamwone mwanamke kutoka ziwani akiwaamrisha wapiga gita wa Kikisii. Wengi waliondoka wakiwa wamebebeshwa spika.

Kazi aliyoijua kuliko sisi wote ni kurekodi gita la umeme. Msio wa kazi hii mnadhani gita lenyewe ndilo hurekodiwa. Hapana. Gita la umeme peke yake lina sauti ya mbu. Kinachorekodiwa ni amplifaya, yaani lile sanduku lenye spika ambamo gita limechomekwa, na maiki huwekwa mbele yake. Mbele wapi, hapo ndipo mafundi hutofautiana. Ukiielekeza maiki katikati kabisa ya spika, sauti hutoka kali, inachoma meno. Ukiisogeza kuelekea ukingoni, inalainika. Ukiibandika karibu na kitambaa cha mbele, besi inajaa. Ukiirudisha nyuma hatua mbili, unaanza kusikia chumba. Upana wa kidole kimoja unatosha kubadilisha wimbo mzima.

Mama Sheryl alimulika kitambaa kwa tochi ili aone kitovu cha spika kiko wapi. Kisha alipiga magoti, akafumba macho, na kusogeza sikio lake polepole mbele ya spika huku mpiga gita akipiga. Sikio lilipotulia, hapo ndipo maiki ilipokaa, na alama ya chaki ikatiwa. Daktari mmoja alimwonya kwamba angekuwa kiziwi kabla ya kufika arobaini. Leo ana miaka sitini, na bado ananisikia nikifungua pakiti ya njugu milango miwili kutoka alipo.

Kwa muda mrefu tulikuwa na maiki tatu tu, na kila moja alikuwa na maneno yake juu yake. Ya kwanza ni maiki ya kawaida ya kuimbia, yenye bonde kichwani tangu mwanakwaya mmoja alipoiangusha. Hiyo ilivumilia kelele yoyote. Ya pili ni ya utepe, ambayo ndani yake mna kipande chembamba cha bati kinachotikisika. Alisema inatuliza ukali wa gita kama maziwa yanavyotuliza chai. Ya tatu ni kubwa, ya bei, na inasikia kila kitu. Ukiiwasha, alisema, utarekodi gita pamoja na mtu anayebishana na mwenye boda boda kule Daraja Mbili.

Kichekesho nilichoahidi ni cha mwaka 2004. Bendi kutoka Gesima ilitaka gita lenye mwangwi kwa wimbo wa harusi, na chumba chetu kilikuwa kimejaa magodoro ya kuzuia sauti. Mama Sheryl aliikokota amplifaya hadi jikoni kwa wafanyakazi, akaiweka kati ya gunia la makaa na sufuria za ugali, na maiki akaitundika juu ya sinki. Katika ubeti wa tatu mwiko ulianguka wenyewe kutoka ukutani. Alikataa kurudia. Mpaka leo, ukienda harusi upande wa Nyamira, utawaona watu wakipiga mguu chini pale mwiko unapolia, na hawajui ni mwiko.

Sasa nifike kwenye amplifaya yenyewe. Tunaiita Ng'ombe kwa sababu ikipata moto inaunguruma kwa ndani, sauti ndefu ya chini kama ng'ombe anayetaka kukamuliwa. Ni ya rangi ya kahawia, ya zamani, yenye balbu za kioo nyuma, na inahitaji watu wawili wenye afya kuinyanyua. Iko katika chumba kidogo chenye dirisha moja la kioo linalotazamana na chumba chetu cha mitambo. Balbu zake hupasha joto chumba chote. Mbele yake kuna stuli ya mpiga gita, na stuli hiyo ni baridi saa zote. Wapiga gita wageni, bila kuambiwa na mtu, huomba kupiga wakiwa wamesimama.

Fred ndiye aliyekuwa akikalia stuli hiyo. Ijumaa tarehe 20 Machi 1998, bendi yake ilikuwa imemaliza kurekodi nyimbo saba, na katika ule wa nane lilibaki gita lake peke yake. Ulikuwa wimbo aliomtungia mtoto aliyekuwa tumboni mwa mkewe. Wenzake walishaondoka. Mnajua Ijumaa zetu hapa Kisii: ikifika saa tisa kila mtu anaanza kutazama saa, maana Sabato huingia jua likizama na hakuna anayetaka imkute na kazi mkononi. Fred na Margret walikuwa Wasabato pia, na jua lilitakiwa lizame wakiwa Homa Bay kwa mama mkwe wa Fred.

Margret aliweka maiki mbili mbele ya Ng'ombe, bega kwa bega, ile yenye bonde na ile ya utepe, akitaka ukali wa moja na utulivu wa nyingine. Mashine yetu wakati huo ilikuwa na njia nne za kurekodia, na tatu zilishajaa, kwa hiyo alizichanganya maiki zote mbili kwenye njia moja iliyobaki. Aliisikiliza ya kwanza peke yake, ikawa tamu. Akaisikiliza ya pili peke yake, ikawa tamu zaidi. Hakuzisikiliza zote kwa pamoja. Na kebo ya maiki ya pili alikuwa ameilehemu mwenyewe asubuhi ile kwa haraka, nyaya mbili za ndani zikabadilishana nafasi.

Wa kazi yetu mkisoma hapo mmeshashika vichwa. Nyaya zikibadilishana, maiki moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Sauti ile ile inakutana na kinyume chake, na zinakulana. Kinachobaki ni kijisauti chembamba, kama redio ya jirani ukiwa umejifunika blanketi.

Fred alipiga mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, bila kosa lolote. Akauliza kama imeingia. Margret alikuwa ameshavaa sweta na mkoba uko begani. Akamjibu kwamba imeingia, vizuri sana, twende. Hakurudisha tepu nyuma kusikiliza. Jumapili Fred alishikwa na homa, na Alhamisi malaria ilikuwa imemmaliza. Baada ya mazishi mkewe alirudi kazini, akaweka tepu kwenye mashine, na katika njia ya nne mumewe hakuwepo.

Amezungumza nami juu ya siku hiyo mara moja tu kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Alisema kifo alishakipokea, kwa sababu malaria haichagui. Neno alilomjibu Fred ndilo ambalo hajalipokea. Mtu alimuuliza swali la kazi, akamdanganya, na mtu huyo akaenda kaburini akiamini.

Tangu hapo akaanzisha kanuni ambayo kila mwanamuziki aliyepita hapa anaijua. Kabla gita halijaingia chumbani, Ng'ombe inawashwa, maiki inawekwa mahali pake, mlango unafungwa, na tunarekodi dakika moja ya chumba kitupu. Kisha dakika hiyo inasikilizwa yote, kila muungurumo na kila mkwaruzo, ndipo mtu aruhusiwe kupiga. Wanamuziki wa Nairobi waliona ni ushamba. Bwana Omwenga alilalamika kwamba tunaharibu tepu. Mama Sheryl alimjibu, "Tepu ni yako, masikio ni yangu," na kanuni ikabaki.

Sheryl alizaliwa Julai. Septemba mama yake alirudi kazini akiwa na mtoto mgongoni, na asubuhi ya pili, katika dakika ya chumba kitupu, kwenye sekunde ya arobaini, gita lilipiga noti sita likanyamaza. Hakuna kitu kilichokuwa kimechomekwa kwenye Ng'ombe. Kebo ilikuwa sakafuni, imekunjwa na kufungwa kwa uzi. Mwanzoni alidhani ni redio, kwa sababu amplifaya za zamani hunasa stesheni. Lakini alitoa ile tepu ya wimbo wa mtoto, akazipiga pamoja, na zile noti sita zikakaa juu ya kijisauti chembamba cha Fred bila kupishana hata kidogo. Alinieleza kwamba alikaa chini sakafuni, akamgeuza mtoto kutoka mgongoni, akamvalisha hedifoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakati mwingine zilikuja noti tatu, wakati mwingine mstari mzima. Kuna mwaka mmoja haikuja hata moja. Chumbani kwenyewe husikii kitu ila Ng'ombe. Lazima uwe upande wa pili wa kioo, umevaa hedifoni. Na si maiki yoyote inayosikia. Ni ile yenye bonde, vidole vitatu kutoka kitambaani, vidole viwili kushoto kwa kitovu, imeinamishwa kidogo. Tumewahi kuisogeza kidole kimoja, tukapata chumba kitupu cha kawaida. Kila kipande kilichokuja alikikata na kukipanga mahali pake, kwanza kwenye tepu na baadaye kwenye kompyuta, na mwaka hadi mwaka gita la Fred likawa linarudi kwenye wimbo wake.

Nilipoajiriwa mwaka 2007 sikuwa mtu wa kuamini mambo kama hayo. Kwetu Marani nimelelewa na bibi aliyefukuza kila hadithi ya mizimu kwa ufagio. Siku moja mwaka 2009, dakika ikiwa inaendelea, niliamua kuingia chumbani ghafla nimkamate anayetuchezea akili. Nilisimama kando ya stuli. Hakukuwa na mtu, ila shingo yangu ilishikwa na baridi upande mmoja tu, upande wa stuli. Nikatoka, nikafunga mlango. Tuliposikiliza, gita lilikuwa likipiga, likakatika katikati ya mstari pale mlango ulipofunguka, likasubiri, na mlango ulipofungwa likaendelea kutoka lilipoachia. Mama Sheryl alivua hedifoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Kemuma, mtu akirekodi hatuingii." Sijaingia tena.

Baada ya muda tulizoea, na ili tuweze kulala tulijitafutia maelezo. Tulisema ni sauti ileile ya mwaka 1998. Ililiwa na nyaya zilizobadilishana, lakini haikufa. Iliingia ukutani, kwenye magodoro, kwenye mbao za Ng'ombe, na sasa inavuja kidogo kidogo. Maelezo hayo yalitufaa. Karibu na ukuta unaovuja sauti mtu anaweza kunywa chai.

Mwaka 2022 tulimpata Ronny, kijana hodari kutoka Nyamira, aliyetuletea programu za kompyuta zinazoiga amplifaya yoyote duniani. Gita linachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, huhitaji maiki wala chaki. Alitumia wiki tatu kuiga Ng'ombe, na nakala yake ilifanana nayo kabisa, hata ule muungurumo. Akarekodi dakika ya nakala yake mara mia moja. Hakukuwa na mtu ndani yake. Ronny ndiye aliyekaa na Mama Sheryl mwezi Oktoba mwaka jana, wakahesabu kilichobaki kwenye wimbo wa mtoto. Zilibaki baa nane za mwisho, yaani vipimo vinane vya mapigo.

Mwezi huohuo uamuzi ulitolewa kwamba kuanzia Februari chumba cha Ng'ombe kitakuwa cha kurekodi video za mahojiano, na Ng'ombe itauzwa. Sikumlaumu Bwana Omwenga. Siku hizi hakuna anayelipia amplifaya. Lakini ilimaanisha kwamba tarehe 30 Januari ingekuwa mwisho wa mambo mawili kwa siku moja. Na kana kwamba chumba kilisikia, dakika zikanyamaza. Novemba yote, hakuna. Desemba yote, hakuna. Mama Sheryl alikuja kazini saa kumi na mbili asubuhi, akarekodi dakika tano, kumi, ishirini, na kila moja akaisikiliza mpaka mwisho. Alikonda. Mchana mmoja nilimkuta ameweka paji la uso kwenye kioo, na nilirudi nilikotoka. Niliogopa kwamba angetoka hapa na zawadi, keki na wimbo usio na mwisho.

Alhamisi iliyopita, tarehe 22 Januari, Sheryl alikuja kutoka Nyamira, anakofanya kazi ya uuguzi, amsaidie mama yake kufungasha. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, wauza ndizi wakipiga kelele barabarani. Tulikuwa wanne upande wetu wa kioo: Mama Sheryl, Sheryl, Ronny na mimi. Mama Sheryl alikwenda akamulika tochi, akapiga magoti, akaweka maiki, akarudi, akafunga mlango. Tulivaa hedifoni. Akabonyeza kitufe.

Kwa sekunde hamsini kulikuwa na Ng'ombe peke yake. Kisha lilikuja gita, karibu kuliko nilivyowahi kulisikia, hadi vidole vilisikika vikikwaruza nyuzi. Ni zile baa nane. Sheryl alinishika mkono. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nazihesabu kwa midomo. Kwenye baa ya sita gita lilipiga noti mbaya, kavu kabisa, likasimama.

Tulitazamana. Ronny alifungua tepu ya zamani kwenye kompyuta, kile kijisauti chembamba, akaenda mpaka baa ya sita. Pale hakuna kosa. Mwaka 1998 Fred hakukosea popote. Mkewe alikuwepo, na tepu ni shahidi. Ukuta hauwezi kuvuja kosa ambalo halikutokea. Mle ndani hakukuwa na sauti ya zamani. Kulikuwa na mtu, ameketi kwenye stuli, amekosea sasa hivi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Alijua miaka yote kwamba haikuingia, na alikuwa akirudia.

Dakika ilikwisha. Mashine iliendelea kurekodi. Hedifoni zilijaa ule ukimya wa mwanamuziki aliyekosea na anangoja fundi aseme neno, na sisi tunaoifanya kazi hii tunaujua vizuri sana. Ronny alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa kutokea nje.

Mama Sheryl alivuta kiti, akaketi, akabonyeza kitufe cha kuzungumza na chumba. Alisema kwa Kijaluo. Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini haya niliyaelewa. Alimwambia hakuna neno, arudie kutoka baa ya kwanza. Alimwambia asiharakishe, kwamba leo hatuendi popote. Sauti yake ilikuwa ileile anayomtuliza nayo kila mpiga gita tangu alipopewa funguo. Kisha akaachia kitufe, akangoja kama sisi.

Stuli ililia, kama mtu amejiweka sawa. Na gita likaanza. Lilipita baa ya sita polepole, kwa uangalifu, likaenda ya saba, likaenda ya nane, na noti ya mwisho ikashikiliwa mpaka ikafia ndani ya muungurumo wa Ng'ombe. Sheryl alikuwa akilia kwa sauti. Mimi pia. Mama Sheryl hakulia. Alirudisha nyuma, akasikiliza yote tangu mwanzo, noti kwa noti, na ndipo akabonyeza tena kile kitufe na kumjibu mumewe kwamba imeingia.

Mchana huohuo alikwenda ofisini kwa Bwana Omwenga. Wafanyakazi tulikuwa tumechanga kumnunulia tangi la maji, na tangi liko, mtaliona nje lina utepe mwekundu. Lakini yeye aliomba apewe Ng'ombe, pamoja na ile maiki yenye bonde na stuli. Bwana Omwenga, ambaye kwa miaka yote amesema haamini chochote, alimjibu hata kabla hajamaliza sentensi: "Chukua, Mama. Hata leo, chukua." Mama Sheryl alisema atavichukua siku yake ikifika.

Wimbo wa mtoto utapigwa leo baada ya sala, mara ya kwanza ukiwa mzima, na mtoto mwenyewe atakuwa ameketi mstari wa mbele. Zaidi ya albamu mia nne zimepita mikononi mwa mama yake. Mafundi wanaofanya kazi leo Kisumu, Nakuru na Nairobi walijifunza kupiga magoti mbele ya spika hapa kwetu, kwa tochi yake. Mimi mwenyewe nilikuja hapa nikijua vitufe, na yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Nitamkosa kila asubuhi, na nitamkosa zaidi nikifungua njugu na hakuna anayenigombeza.

Jambo moja limebaki, kisha nitawaachia keki. Nilidhani kwamba wimbo ukikwisha na Fred atakuwa amekwenda zake, na nafikiri hata Mama Sheryl alidhani hivyo, kwa maana Ijumaa hakuja kazini, mara ya kwanza bila ruhusa. Jumatatu hii nilifika mapema, nikawasha Ng'ombe, nikaweka maiki kwenye alama na kurekodi dakika, kwa mazoea tu. Fred alikuwa akikaza nyuzi. Alipomaliza alianza kitu ambacho hakiko kwenye tepu yetu yoyote, cha taratibu, akikitafuta, anapiga mstari, anaurudia, anaubadilisha mwisho. Nilimpigia simu Mama Sheryl kumweleza. Akauliza kama maiki niliiweka vidole vitatu au vinne.

Kwa hiyo leo saa kumi tunaomba wanaume wanne wenye nguvu waibebe Ng'ombe hadi kwenye gari, na tafadhali waibebe bila kuigonga. Inakwenda Gesima, nyumbani kwa Sheryl, anakohamia mama yake, kando ya shamba la majani chai, ambako sebule imeshaondolewa kabati ili ipate nafasi, na stuli itawekwa mbele yake.

Asante kwa kazi, Mama Sheryl, kwa subira na kwa masikio yako. Wafanyakazi wote wa Sauti Kilima tunawatakia maisha mema, wewe na Fred.